Amri Moja, Kazi Moja



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Nitasema juu ya amri moja tu.

Iko programu iitwayo Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Hutunza historia ya kazi ya watengenezaji wa programu. Kazi hugawanywa katika matawi: hili la kusahihisha kosa, lile la kujaribu jambo jipya, na mtu huhama tawi mara nyingi kwa siku.

Kwa miaka mingi amri ya kuhama ilikuwa "git checkout". Lakini amri hiyo hiyo, ukiitajia faili badala ya tawi, huirudisha faili kama ilivyohifadhiwa. Uliyoandika tangu asubuhi, ambayo hujayakabidhi kwa Git, hufutika pasipo hata swali.

Mwaka 2019 toleo la 2.23 lilileta amri mbili: "git switch" ya kuhama tawi, na "git restore" ya kurudisha faili. Ya kwanza haipokei jina la faili. Ukikosea inakataa tu, wala haikufutii kitu. Ukiiongezea kistari, inakurudisha tawi ulilotoka. Amri ya zamani haikuondolewa, ili waliozoea wasikwame.

Vijana, kesho baadhi yenu mtatunga fomu, nyaraka na sheria. Msimlaumu mwananchi kwa kukosea mlango ikiwa milango miwili mmeiandika jina moja. Na ule unaoweza kumpotezea mtu kazi yake, uwe na jina lake peke yake.