KIJANA NA UCHAGUZI WA FANI
(Mawaidha kwa wazazi na vijana wa sekondari, Kibiti)

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Tukiwauliza sababu ya uchaguzi wao, aghalabu hujibu: "Rafiki yangu kajaza hivyo," au "Mjomba kasema." Hatuwalaumu. Mtoto wa delta, wa Salale au Mbwera, amekua akimwona mwalimu, muuguzi na afisa uvuvi, nyingine hajaziona. Na mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa zikafikia 65, zikiwemo zenye somo la dini ya Kiislamu. Milango imekuwa mingi, na bumbuwazi limezidi.

Kwanza, tujue kwamba uchaguzi hauanzii kwenye fomu. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi aingiapo kidato cha tatu huweza kuacha fizikia na kemia. Anayeziacha kwa kuogopa ugumu amejifungia milango ya uuguzi, utabibu na uhandisi akiwa na miaka kumi na sita, wala hana habari. Mzazi asiyeulizia siku ile, asishangae baadaye.

Pili, tutazame kipaji pamoja na haja ya umma. Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa kijana mdogo alipoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akaelezwa kuwa amehifadhi sura zaidi ya kumi. Mtume akamwagiza ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa Waislamu walihitaji mwandishi wa kuaminika. Imepokewa kuwa aliyamudu kwa nusu mwezi. Kipaji kilionekana, haja ikawapo, vikakutanishwa.

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 1111), katika kitabu chake Ihyaa, aliuhesabu utabibu na hesabu kuwa ni fardhi kifaya, akawashangaa watu wa zama zake waliosongamana katika fiqhi ilhali miji yao haina tabibu Muislamu. Sisi tuliosoma dini kwa Kiarabu tunasema wazi: si kila kijana mwema lazima awe ustadhi.

Tutazame basi haja zetu. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, kamba, kaa na mashamba ya mpunga. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliharibu makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Juu ya mto huohuo limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Nani atausoma mto huu, na nani atahudumia mitambo ile? Uvuvi unafundishwa Mbegani, Bagamoyo. Misitu Olmotonyi, Arusha. Maji katika Chuo cha Maji, Dar es Salaam. Wala VETA si jalala la waliofeli, Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfua chuma.

Tatu, wapo vijana wanaoswali istikhara kisha wakangoja ndoto. Istikhara haikushurutishwa ndoto, wala haiondoi wajibu wa kuuliza. Kijana aende zahanati, karakana na ofisi ya misitu, aulize: kazi hii ina ugumu gani? Masomo gani yalihitajika? Ada ni kiasi gani? Kisha aswali, aazimie, amtegemee Mola wake. Na matokeo yakitoka tofauti na matarajio, upo muda wa kubadilisha machaguo, asiuache upite.

Wazazi, binti naye ana haki hiyo. Tunataka wake zetu wazalishwe na wanawake, huku tukiwatoa mabinti shuleni. Wakunga hao watatoka wapi?

Kila msikiti una mtumishi wa afya, fundi au mwalimu miongoni mwa waumini wake. Maimamu wawape vijana siku moja ya kukaa nao kabla fomu hazijajazwa. Halina gharama hilo.

Wabillahi tawfiiq.