Kesi ya Nyamongo Isikilizwe Nyumbani



Tarehe 26 Novemba 2024 Jaji Edward Morgan wa Ontario, nchini Kanada, aliamua kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya wananchi wa Nyamongo, wilayani Tarime, dhidi ya kampuni ya Barrick Gold. Wananchi hao walifungua kesi mwaka 2022. Wanadai kwamba wao au ndugu zao walipigwa, walijeruhiwa kwa risasi au waliuawa na askari polisi wanaolinda mgodi wa North Mara. Kampuni inakanusha, na inasema polisi ni chombo cha Serikali ya Tanzania ambacho yenyewe haikiamuru. Jaji hakuamua nani mkweli. Alisema mahali panapofaa kuisikiliza kesi hii ni Tanzania.

Wengi waliichukua habari hiyo kuwa ushindi wa kampuni, wakaishia hapo. Mimi naona uamuzi ule umetutwika Watanzania mzigo ambao hatujaupokea. Mtu wa Kewanja, wa Nyangoto au wa Matongo akiambiwa arudi kudai haki kwao, lazima akute kwao kuna mahakama anayoweza kuifikia. Haya ndiyo niliyokuja kuyasema.

Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, katika ardhi ambayo wachimbaji wadogo walikuwa wakiichimba kabla yake. Mwaka 2006 uliingia mikononi mwa Barrick, baadaye ukaendeshwa na African Barrick Gold, iliyobadili jina kuwa Acacia, kisha ukarudi kwa Barrick. Leo Serikali yetu ina hisa asilimia 16 kupitia Twiga Minerals, kampuni ya ubia na Barrick. Tuliokuwa tukiilaumu kampuni kama mgeni, sasa tu wabia wake. Kila risasi inayofyatuliwa pale inamhusu mwenye hisa huyu mpya, yaani mimi na wewe.

Tarehe 16 Mei 2011 watu waliingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu. Polisi wakafyatua risasi, na watu watano wakafa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Juni 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa huko Geneva liliidhinisha kanuni za biashara na haki za binadamu: dola imlinde mtu, kampuni imheshimu, na aliyeumizwa apate nafuu ya kisheria. Dunia ilikuwa na maneno mazuri wakati Nyamongo ikiwa bado na makaburi mabichi. Mwaka 2013 baadhi ya walioathirika walikwenda Mahakama Kuu ya Uingereza, London. Mwaka 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Siwalaumu waliokubali fedha. Mwenye mguu uliovunjwa na watoto wa kulisha hana anasa ya kungoja historia. Lakini hukumu haikutolewa, na mengi ambayo umma ulistahili kuyajua yakafungwa pamoja na majalada.

Sasa tutazame huyu mtu wa Nyamongo akirudi nyumbani. Amepigwa risasi. Ili atibiwe hospitalini bila maswali anatakiwa awe na fomu ya PF3, na PF3 hutolewa na polisi. Aliyejeruhiwa na askari anaambiwa aende kwa askari akaombe karatasi ya kuthibitisha jeraha lake. Akitaka kuishtaki Serikali, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha kesi iende Mahakama Kuu. Kwa watu wa Mara, hiyo ni Musoma. Madai ya fidia kwa madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Miaka mitatu ni mingi kwa wakili wa Dar es Salaam. Kwa mjane wa Kerende anayetafuta nauli, ada ya wakili na shahidi asiyeogopa, inakwisha kabla hajajua pa kuanzia. Na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika, kwa hiyo hata asasi iliyokuwa tayari kumsemea iliwekewa kizuizi. Mwaka 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama iliyoko Arusha, katika ardhi yetu wenyewe.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza rufaa ya kampuni ya Vedanta dhidi ya wanavijiji wa Chingola, Zambia, waliolalamikia maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba. Majaji walikiri kwamba Zambia ndiyo iliyofaa, lakini waliona wanavijiji wale maskini wasingeweza kugharimia kesi kubwa kiasi hicho kwao, wala kupata mawakili wenye uzoefu nayo. Kesi ikabaki London. Sipendi suluhisho la aina hii, kwa sababu linaiacha Afrika iendelee kuazima mahakama. Lakini swali walilouliza, kama maskini anaweza kuipata haki kwao, ni sahihi, na jibu la kwetu tunalijua.

Kuna jambo lingine, nami nalisema kwa uchungu. Wengi wa Nyamongo ni Wakurya, na Mkurya akiuawa, nchi hii haishtuki ipasavyo. Tumezoea kumsimulia kama mtu wa panga, wa koo zinazopigana, wa wizi wa ng'ombe, na masimulizi hayo yanatangulia mbele ya jeneza lake. Kijana aliyekwenda kuokota mawe kwenye kifusi anaitwa mvamizi, na neno hilo linatosha kuwa hukumu. Kuingia eneo la mgodi bila ruhusa ni kosa, lina adhabu yake kisheria, nayo si kifo. Ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda uhai, haikubagua kabila wala kifusi.

Watu wa Mara wamejifunza pia kutoamini uchunguzi. Machi 2022 samaki walikufa katika Mto Mara, maeneo ya Kirumi, na kamati ya Serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe. Wengi walikataa kuamini, kwa sababu mambo ya mto na mgodi wamekuwa wakielezwa na watu wasiowasikiliza. Nakumbusha pia kwamba mwaka 2019 mgodi ulitozwa faini na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwa kuvuja kwa bwawa la tope sumu. Ukweli usiochunguzwa hadharani hauaminiki hata ukiwa ukweli.

Na tangu tarehe 29 Oktoba 2025, watu walipouawa wakati wa uchaguzi na Rais akaunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, swali la Nyamongo limekuwa la taifa zima: askari akiua raia, nani anachunguza, mbele ya nani, na matokeo yanasomwa wapi?

Naomba, basi, vifo vya mgodini vichunguzwe chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, mbele ya hakimu, mlango ukiwa wazi, kule kule Tarime. Makubaliano kati ya Jeshi la Polisi na mgodi, pamoja na fedha zinazolipwa chini yake, yachapishwe ili diwani wa Matongo aweze kuyasoma. Hospitali imtibu majeruhi kwanza, karatasi ifuate. Serikali irudishe tamko la kwenda Mahakama ya Afrika. Nanyi wanafunzi wa sheria mnaomaliza mwaka huu, Tarime inahitaji mawakili. Nendeni.