Kidole Kidevuni: Mhadhara wa Umma kuhusu Distonia ya Shingo



Mgonjwa wa shingo iliyopinda hapa Mombasa husikia kauli mbili. Mtaani huambiwa ana jini. Zahanatini huambiwa ana mawazo. Ya kwanza nawaachia masheikh. Ya pili ndiyo inayonikera, kwa kuwa inatolewa kwa jina la elimu yetu.

Distonia ya shingo mnaijua: misuli hukaza pasipo hiari, kichwa kikageuka, kikainama au kikatikisika. Sina haja ya kukaa hapo.

Kauli ya mawazo ina asili yake Paris. Mwishoni mwa karne ya 19 Édouard Brissaud aliuhesabu ugonjwa huu kuwa wa akili, na mwaka 1902 Henry Meige na E. Feindel wakatoa kitabu kizima kuhusu tiki, yaani mitikisiko ya misuli isiyo ya hiari, na tiba yake. Nakipenda mno kitabu hicho. Wazee wale walikuwa na macho. Waliona kwamba mtu aliyeshindwa kunyoosha shingo kwa nguvu zake zote, akigusa kidevu kwa kidole kimoja tu, kichwa hurudi mbele. Walieleza kila namna ya kugusa kwa subira ambayo siku hizi ni adimu wodini. Kisha wakahukumu: msuli unaoshindwa na kidole hauumwi, ila nia ya mwenyewe imelegea.

Hukumu hiyo naikataa kabisa. Kidole hakisukumi kitu. Kinachofika ubongoni ni habari: ngozi imeguswa, na imeguswa hapa. Wapo wagonjwa ambao misuli hulegea mkono ukiwa bado njiani. Ubongo hukadiria kichwa kilipo kwa kukusanya habari za misuli ya shingo, sikio la ndani, macho na ngozi. Hesabu hiyo ndiyo iliyoharibika, na mguso huirekebisha kwa muda. Tena, wengi wa wagonjwa hawa wakiguswa mara mbili kwa haraka huhisi mguso mmoja pale ambapo wengine huhisi miwili, na hali hiyo imeonekana hata kwa baadhi ya ndugu zao wenye shingo nzima. Hayo nayo ni mawazo? Wenye kauli ya mawazo watasema ugonjwa huzidi mtu akiwa na hofu. Mtetemo wa Parkinson pia huzidi! David Marsden wa London alitetea mwaka 1976 kwamba ugonjwa huu si wa akili, nasi bado tunabishana.

Nilimjua dereva wa tuktuk aliyebeba abiria kutoka Kibarani kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Kichwa chake kiligeukia kushoto, malori ya bandarini yakimpita kulia. Aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili shavuni. Wenzake stejini walidhani jino linamuuma. Alikuwa amejigundulia mwenyewe ule mguso alioueleza Meige.

Sasa matibabu. Sumu ya botulini, iliyoidhinishwa Marekani kwa shingo mwaka 2000, huzuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze, isitoke kwenye ncha za neva. Msuli hulegea kwa miezi mitatu hivi. Wengi hudhani kazi imeishia msulini. Lakini sumu hiyo hufika pia kwenye vipokezi vidogo vilivyomo ndani ya msuli, vile vinavyouarifu ubongo umevutika kiasi gani, kwa hiyo habari zenyewe hubadilika. Ndiyo maana nashikilia kwamba miezi ile mitatu ni ya kuufundisha ubongo upya, kwa mazoezi ya macho, shingo na mizani ya mwili. Najua baadhi ya majaribio hayakuona mazoezi maalumu yakiyashinda ya kawaida. Nimeyapima, na bado nashikilia.

Ombi langu ni kwa matabibu wa zahanati. Haloperidoli mnayoandika kwa ajili ya "mawazo" yaweza yenyewe kupinda shingo. Mgonjwa akija, muulizeni kwanza anatumia dawa gani. Mwambieni aguse kidevu, mtazame. Kisha mwandikieni barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.