Mzazi Nje ya Uzio



Nimeombwa niseme juu ya malezi. Nitasema juu ya farasi. Binti yangu hushindana Nairobi kuruka viunzi katika Pony Club, chama cha vijana kilichoanzia Uingereza mwaka 1929. Farasi tunamkodi, na mshahara wa serikali wakiona cha moto. Mimi huamka alfajiri, hubeba ndoo na majani makavu, kisha husimama nje ya uzio. Ufito mmoja ukianguka, mtoto huhesabiwa makosa 4. Mzazi akimwelekeza kwa sauti, mtoto aweza kutolewa mashindanoni.

Mwaka jana farasi aligoma mbele ya kiunzi, binti akaanguka. Nilitamani kumrudisha nyumbani papo hapo. Yeye aliinuka, akampapasa farasi miguu yote minne, akamlegeza mkanda wa tandiko, akampa maji. Ndipo akalia.

Vijana, kikombe hubaki kabatini. Kumjali kwanza anayekubeba hubaki nawe. Wazazi wenzangu, tulipe, tubebe ndoo, tunyamaze.