Mnunuzi Akifukuzwa, Nani Hulipa?



Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa, ufundi simu, saluni na uongozaji watalii. Mjadala mwingi umeishia Kariakoo. Kwa sisi wa Musoma, Bunda na Butiama, kifungu kizito ni kile cha kununua mazao shambani, maana mpaka wa Sirari uko mkoani kwetu na mnunuzi wa Kenya ni jirani.

Madhumuni ya amri nayaelewa, na kilio cha mfanyabiashara wetu mdogo ni cha haki. Ila mkulima naye ni raia. Wanunuzi wakibaki wawili, hupatana bei kabla hawajafika kijijini, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hurudi. Hapo aliyezuiwa ni mgeni, anayekatwa ni mwenye shamba.

Afrika Mashariki imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 1967 Kenya ilibana leseni za biashara za wasio raia. Wahindi wengi wenye pasi za Uingereza wakakimbilia huko, hadi Bunge la London likapitisha sheria ya kuwazuia mwaka 1968. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikemea hadharani kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Maduka na viwanda viligawiwa wanajeshi na wapambe wao, na sukari ikaadimika katika nchi yenye viwanda vya Kakira na Lugazi.

Kwetu, mwaka 1976, Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika na ya kijiji yashike nafasi. Haikulenga rangi ya mtu, lakini iliwakumba Wahindi na Waarabu wengi waliokuwa na maduka hayo. Nalitazama tukio hili kwa uchungu, kwa sababu kilichopotea hakikuwa rafu na mizani tu. Ilipotea mali kauli: mkulima kuchukua chumvi, sabuni na jembe leo, akalipa baada ya mauzo ya pamba. Mwenye duka alijua nani hulipa, nani ameuguza, nani shamba lake limeshambuliwa na wadudu. Ujuzi huo hujengwa kwa miaka, na hakuna operesheni inayoweza kuutaifisha.

Amri ya sasa inataja ununuzi wa shambani, si wa ghalani. Tuitumie nafasi hiyo: mnunuzi wa nje aelekezwe kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), apime kwa mizani iliyokaguliwa, alipe ushuru wa halmashauri. Na kila wiki halmashauri zetu zibandike kwenye mbao za matangazo za vijiji bei ya kila zao na idadi ya wanunuzi waliofika. Idadi ikipungua na bei ikashuka, tuipeleke taarifa hiyo wizarani kabla ya msimu unaofuata.