Mwenye Lupango, Mpangaji na Nyumba Inayovuja Wakati wa Ugonjwa

Masomo: Walawi 14:33-53, Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10-13, Matendo ya Mitume 28:30-31



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo mara chache tunalisikia katika mahubiri, ijapokuwa tunalikuta katika kila kartie: nyumba ya kupanga. Wengi wetu tumepanga. Wengine wetu tuna chumba kimoja au viwili ambavyo tunapangisha. Na mara nyingi wenye nyumba na mpangaji wake wanakaa benchi moja siku ya Mungu, wanashika mkono, na wakirudi kwenye lupango hawasalimiani.

Tukumbuke mwaka 2020. Tarehe 10 mwezi wa tatu serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu, kule Kinshasa. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba masomo, makanisa na baa vifungwe. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Makanisa hayakufunguliwa mpaka mwezi wa nane. Katika migodi ya Lualaba, makampuni kadhaa yaliwaweka wafanyakazi ndani ya mgodi majuma mengi bila kurudi nyumbani. Mama aliyeuza mikate mbele ya masomo alikosa wateja. Mwalimu wa masomo ya watu binafsi alikosa mshahara, kwa kuwa wazazi hawakulipa. Lakini mwisho wa mwezi ulifika vilevile. Ugonjwa haukuzuia tarehe 30.

Hapo ndipo vita vilianza. Mpangaji alisema: «Sina kitu, na nyumba yako inavuja.» Mwenye nyumba alijibu: «Ulipe kwanza, ndipo nitatengeneza.» Mpangaji naye: «Utengeneze kwanza, ndipo nitalipa.» Mvua ikaendelea kunyesha kati ya maneno hayo mawili.

Mwaka 2023, tarehe 5 mwezi wa tano, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Madeni ya miezi ile, na uchungu wake, havikwisha siku hiyo. Na tarehe 14 mwezi wa nane 2024 shirika hilohilo lilitangaza dharura nyingine, ya mpox, ugonjwa ulioenea sana katika Kongo yetu. Kipindupindu nacho hatuhitaji kukitangaza, tunakijua. Kwa hiyo mafundisho haya si ya zamani. Ni ya mvua inayokuja.

Kwanza tuseme ukweli juu ya mwenye nyumba. Watu wanadhani kila mwenye lupango ni tajiri. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kwa familia nyingi za wazee hao, na za wazee wa reli, na za wajane, chumba cha kupangisha ndicho mshahara. Makuta yake yanalipa dawa ya presha na masomo ya wajukuu. Mpangaji asipolipa, kuna mzee anayekosa dawa. Anayehubiri huruma bila kumkumbuka mzee huyo hajahubiri huruma yote.

Sasa tuingie katika Neno. Kitabu cha Walawi, sura ya 14, kinazungumza juu ya pigo linaloonekana katika ukuta wa nyumba. Watu wengi wanaruka sura hiyo, lakini ni sura ya ugonjwa na matengenezo pamoja. Tuone mambo matatu ndani yake.

Jambo la kwanza: mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekwenda kwa kuhani kusema kwamba ameona kitu kama pigo katika nyumba yake. Hangojei watu walalamike. Haifichi kwa chokaa. Ndugu mwenye lupango, unapita kila siku mbele ya choo kile ambacho familia nne zinatumia. Unaona kimejaa, unaona ukuta wake umepasuka, unaona maji machafu yanakaribia kisima. Ni wewe wa kusema wa kwanza. Wakati wa ugonjwa, choo si jambo la kungojea faida, kwa maana kipindupindu kinapita humo, na hakiulizi nani amelipa na nani hajalipa.

Jambo la pili: kabla kuhani hajaingia kutazama, anaamuru vitu vitolewe kwanza nje, ili mali ya watu waliomo isihesabiwe kuwa najisi. Tuangalie huruma hiyo. Kabla ya kuchunguza ukuta, Mungu anafikiri juu ya godoro na sufuria za watu. Basi na sisi tukileta fundi, tusimwingize kwa nguvu kama polisi. Tumpashe mpangaji habari siku moja au mbili mbele. Tupatane saa. Mama afunike chakula, watoto watoke nje. Kama kuna mgonjwa chumbani, kazi ya ndani ingoje, na fundi aanze kazi ya nje: paa, mfereji wa maji ya mvua, choo, kisima. Fundi anawe mikono akiingia na akitoka, afunike pua na kinywa, asikae kuzungumza katika chumba kisicho na dirisha. Haya si mambo ya wazungu. Ni sura ya 14 ya Walawi katika lupango yetu.

Jambo la tatu: kuhani anafunga nyumba siku saba, halafu anarudi kutazama. Kama pigo limeenea, mawe mabaya yanatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, mawe mengine yanawekwa, udongo mpya unapakwa. Hapaki udongo juu ya jiwe bovu. Sisi hapa Lubudi tunaishi karibu na kiwanda cha simenti, tunajua maana yake: simenti nzuri juu ya tofali lililooza ni makuta yaliyotupwa. Wenye nyumba wengine wanabandika kipande cha plastiki juu ya bati lililotoboka, mwaka baada ya mwaka, na jumla ya vipande hivyo ingalinunua bati jipya. Kama makuta hayatoshi kwa yote, tuchague. Kwanza kinacholeta ugonjwa na kifo: choo, maji, waya za umeme zilizo wazi, ukuta unaotaka kuanguka. Pili kinachoingiza mvua. Rangi ya ukuta ije mwisho.

Lakini makuta yatatoka wapi, kama mpangaji halipi? Hilo ndilo swali ambalo wenye nyumba wanatuuliza. Hapa inafaa kutofautisha wapangaji, kwa kuwa si wote ni sawa.

Yuko mpangaji asiyeweza. Kazi imesimama, unaona moto wake hauwaki jioni. Huyu tumkumbuke katika Matayo 18, yule mdeni aliyepiga magoti akaomba apewe muda. Kumpa muda si kufuta deni. Kaeni chini pamoja, na shahidi mmoja kila upande. Andikeni katika daftari: deni ni miezi mingapi, atalipa kiasi gani kila juma, kuanzia lini. Hata kidogo kipokelewe, na kila mara karatasi ya kupokea itolewe. Kama mpangaji ni mwashi au seremala, kazi ya mikono yake inaweza kulipa. Atengeneze paa, na bei ya kazi ipunguzwe katika deni. Lakini bei ipatanwe na kuandikwa kabla nyundo haijainuliwa. Bei inayotajwa baada ya kazi inazaa ugomvi wa pili.

Yuko mpangaji asiyetaka. Anafanya kazi, anapokea, anakunywa, na akiulizwa anajibu kwa neno moja: Korona. Ndugu, dada, kujificha nyuma ya ugonjwa wa watu wengine ni wizi. Tukumbuke mtume Paulo. Mwisho wa kitabu cha Matendo tunasoma kwamba alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake mwenyewe, huku akilindwa na askari. Alikuwa mfungwa, hakuweza kutoka, na kodi ya nyumba ililipwa. Naye alipokea wote waliomwendea, akahubiri Ufalme wa Mungu. Mkristo anayekaa bure kwa ujanja katika nyumba ya mjane, atahubiri nini kwa wanaomtembelea?

Na yuko mpangaji anayeharibu: anavunja mlango kwa hasira na kusema ulivunjika wenyewe, anamwaga taka karibu na kisima, anakusanya watu kunywa usiku wakati mikutano imekatazwa. Huyu asingojewe mpaka moyo ujae. Aonywe akiwa peke yake, halafu mbele ya mashahidi wawili, kama Matayo 18 inavyofundisha. Kisha jambo lifike kwa shefu wa kartie.

Hapa tunafika penye jambo zito kuliko yote. Tumesikia mara nyingi namna watu wanavyomtoa mpangaji bila hukumu. Wanapanda juu, wanaondoa mabati mvua ikinyesha. Wanang'oa mlango. Wanakata maji. Wanafunga choo kwa kufuli. Wanatupa vitanda barabarani. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kumnyang'anya mtu jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wake. Na inasema mwenye kudai asiingie katika nyumba ya mdeni kuchukua rehani. Asimame nje, na mdeni mwenyewe amletee. Na vazi la maskini lirudishwe kabla ya usiku, apate kujifunika.

Mungu hakukataza kudai. Alikataza kudai kwa kuua. Wakati wa ugonjwa, maji na choo ni jiwe la kusagia. Mtoto aliyeondolewa bati juu ya kichwa chake usiku wa mwezi wa kwanza, akishikwa na homa ya mapafu, hakuna kodi itakayomrudisha. Na mpangaji aliyefukuzwa na ugonjwa mwilini anaupeleka ugonjwa huo kwa jamaa atakakolala, na kesho utarudi kwenye lupango ya aliyemfukuza.

Sheria ya nchi nayo iko upande huo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inapanga mambo ya nyumba za kupanga. Garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, na si mali ya mwenye nyumba: ni amana, inarudishwa mpangaji akitoka, baada ya kuhesabu alichoharibu. Ugomvi upelekwe kwanza kwa ofisi ya serikali ya makazi kwa mapatano. Mapatano yakishindikana, tribinali. Kufukuza ni kazi ya hukumu, si ya vijana wenye nyundo. Na tangu sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ambayo ni ya zamani kuliko mji wa Kolwezi, mwenye nyumba anapaswa kuitunza nyumba ikae vizuri kwa matumizi yake. Matengenezo makubwa ni yake. Matengenezo madogo ya matumizi ya kila siku, na kile mpangaji alichovunja mwenyewe, ni ya mpangaji.

Kwa hiyo tunawaomba wote jambo moja ambalo halihitaji makuta mengi. Kabla ya mvua kuanza, mwenye nyumba na mpangaji watembee pamoja kuzunguka nyumba, wakiwa na daftari. Watazame paa, kuta, milango, choo, kisima, waya. Waandike hali ya kila kitu, wagawane kazi, kila mmoja atie sahihi. Anayeingia mpya afanye hivyo siku ya kwanza, kabla hajaweka kitanda. Maneno yaliyoandikwa wakati wa amani yanasaidia siku ya hasira. Na makanisa yetu yawe na wazee wawili au watatu, wanaume na wanawake, wanaoweza kuitwa kusikiliza pande zote mbili kabla jambo halijafika polisi. Kanisa linalochanga kwa ajili ya mazishi linaweza kuchanga mabati matatu kwa mjane mwenye nyumba, ili wapangaji wake wasilale majini.

Mwisho, katika Walawi 25 Mungu anawaambia Waisraeli kwamba nchi ni yake, na wao ni wageni wanaokaa kwake. Basi mwenye lupango mwenye karatasi zote, naye ni mpangaji. Ana Mwenye Nyumba aliye juu, ambaye amemvumilia miaka mingi, akamletea jua na mvua bila kukata. Naye atauliza siku moja: «Wale niliowaweka chini ya paa lako, uliwatendea namna gani?» Na mpangaji ataulizwa: «Nyumba ya ndugu yako, uliiachaje?»

Tuombe. Ee Bwana, tupe nyumba zisizovuja na mioyo isiyofungwa. Uwaponye wagonjwa katika kila lupango. Uwape kazi wanaotaka kulipa, uwape haya wanaoweza na hawataki, uwape uvumilivu wanaodai. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.