Shauri la Mtu Aliyeachishwa Kazi: Hotuba kwa Wafanya Kazi wa Modogashe



Chama kilipotuandikia barua kilitutaka tuje tuwaelezeni kazi tuliyoifanya miaka mingi, yaani kuketi mezani na kusikiliza mashauri ya watu walioachishwa kazi. Tumezoea kuuliza maswali, si kuulizwa. Leo mtapata nafasi ya kutulipiza, lakini kwanza mtuvumilie kidogo.

Tuondoe jambo moja ambalo limewapoteza wengi. Watu walikuwa wakija ofisini wakisema, "Tumesikia kwamba katika nchi nyingine mtu akikosa kazi hulipwa. Basi nipeni changu." Ni kweli kwamba ziko nchi za namna hiyo. Uingereza ilitunga sheria ya bima ya wasio na kazi mwaka 1911, na mtu aliyenyimwa fedha zake aliweza kupeleka shauri mbele ya baraza la watu watatu: mmoja wa upande wa matajiri, mmoja wa upande wa wafanya kazi, na mwenyekiti. Hata jirani zetu wa Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2018, wana fao la kukosa ajira. Mtu aliyechangia miezi 18 au zaidi, akaachishwa kazi bila kupenda kwake, hupata theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi mwenyewe hapati. Kwa hiyo huko mtu hujadiliwa kama aliacha au aliachishwa, na neno moja katika barua laweza kumpa chakula au kumnyima.

Hapa Kenya mfuko wa namna hiyo hatuna. NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, khasa ni ya uzeeni. Haimsaidii mtu aliyeachishwa Jumatatu na watoto wake wanataka kula Jumanne. Ndiyo sababu twasema kwamba kwetu sisi shauri lenyewe ndilo akiba. Fedha za notisi, siku ulizofanya kazi bila kulipwa, likizo yako, na fidia kama uliachishwa kwa njia isiyo ya haki, ambayo yaweza kufika mshahara wa miezi 12: hayo ndiyo mwenzetu anayokwenda nayo nyumbani. Akilipoteza shauri lake amepoteza yote.

Na saa huanza kwenda siku ile ile ya kuachishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mtu miezi 3 kupeleka malalamiko yake kwa Ofisa wa Kazi. Kwenda mahakamani ana miaka 3. Wengi hukaa nyumbani wakingoja hasira ya tajiri ipoe, au wakimtuma mjomba akaombe msamaha. Kuomba msamaha si vibaya, bali miezi mitatu haingojei mjomba. Hapa Modogashe mmekaa mpakani, Garissa upande huu na Isiolo upande ule, na ofisi zote ni mbali. Ukipeleka barua, hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wenye tarehe. Hata wakikuambia uende upande wa pili, nenda, lakini muhuri wa kwanza unao mfukoni.

Sasa, ukifika mbele yetu, twafanya nini? Watu hudhani sisi ni mahakimu. Sivyo. Ofisa wa Kazi huwasikiliza wote wawili, kisha hupendekeza namna ya kumaliza ugomvi. Tajiri akikataa, njia iliyobaki ni mahakama ya kazi. Lakini pendekezo lenye sababu nzuri lina uzito wake, na tajiri mwenye akili hulipa mapema kuliko kulipa baadaye pamoja na wakili.

Twatafuta mambo mawili tu. Kwa nini mtu huyu aliachishwa, na aliachishwa kwa njia gani. Tajiri ndiye anayepaswa kuithibitisha sababu yake, si mfanya kazi kuthibitisha kwamba hana kosa. Na sababu ikiwa nzuri, njia ikiwa mbaya, bado tajiri ana makosa. Njia yenyewe imeandikwa katika kifungu cha 41, nasi twawasihi mkikariri kama mnavyokariri majina ya mababu zenu. Kabla hajamwachisha mtu kwa ajili ya utovu wa nidhamu, au kazi mbaya, au udhaifu wa mwili, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha ambayo mtu huyo aifahamu. Na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake, au mjumbe wa chama mahali pa kazi, aliyemchagua mwenyewe, akae kando yake na asikie. Kisha mtu huyo na mwenzake wasikilizwe.

Lugha ambayo aifahamu. Tuliyasoma maneno hayo mara nyingi bila kuyatafuna.

Alikuja kwetu mzee mmoja, mlinzi wa kisima cha mashine katika nyika hii. Kazi yake ilikuwa kulinda jenereta na mapipa ya dizeli usiku. Asubuhi moja dizeli ilionekana imepungua. Tajiri wake akamwita, akamwuliza alikuwa wapi usiku. Mzee huyo lugha yake ni Kisomali, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Akajibu, "Mimi nalala pale pale kila siku." Karani akaandika kwa Kiingereza. Wino ukaletwa, mzee akatia kidole gumba, na siku ile ile akaondolewa bila notisi.

Shauri lilipofika mezani petu, tajiri alikuwa na faili safi, karatasi zimepangwa kwa tarehe. Mzee alikuwa na fimbo yake tu. Ndani ya faili tukaikuta karatasi ile, nayo yasema kwamba mlinzi akiri kuwa hushikwa na usingizi kila usiku akiwa zamu. Tukamwuliza, "Kidole hiki ni chako?" Akasema ndiyo. "Ulisema kwamba unalala pale?" Akasema, "Ndiyo, kila siku." Tena alisema kwa fahari kidogo, nasi tukamshangaa mtu anayejisifu kwa kosa lake. Tukapendekeza alipwe siku alizofanya kazi na likizo yake, basi. Akatushukuru, akavaa kofia yake, akatoka.

Twaona baadhi yenu mwatikisa vichwa. Mmekwisha kuelewa jambo ambalo sisi, wenye kalamu, hatukulielewa siku ile. Mtu akikuuliza, "Jana umelala wapi?" haulizi habari ya usingizi. Mzee alikuwa akisema kwamba usiku wote yuko pale, haendi nyumbani, haachi mali ya watu. Alileta ushahidi wa uaminifu wake, karani akauandika kuwa ni kukiri kosa, nasi tukaupigia muhuri.

Tulizinduka miezi mingi baadaye, shauri lingine kabisa, mlinzi mwingine akisema, "Mimi nalala getini tangu mwaka ule." Mmoja wetu akaweka kalamu chini. Siku hiyo tulimtafuta yule mzee, tukaambiwa amefuata mifugo yake kupita Habaswein. Faili yake tuliifungua tena tukaisoma, na hapo ndipo tulipoona yote ambayo hatukuuliza. Hatukuuliza ni nani aliyeipima dizeli jioni, kwa maana kama hakuna aliyepima jioni, imejulikanaje asubuhi kwamba imepungua? Hatukuuliza ni nani aliyemtafsiria mzee kabla hajatia kidole. Na kando ya kidole gumba kile hapakuwa na jina la mwenzake yeyote. Angalikuwapo hata kijana mmoja wa pampu, angalisema, "Bwana karani, mzee hasemi hivyo," na jambo lote lingeishia palepale.

Tajiri hakusema uongo. Labda hata karani hakusema uongo. Hilo ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu uongo tumezoea kuutafuta.

Ninyi wa hapa si wageni wa kusikilizana. Mwaka 2001 wazee na viongozi walikutana katika mji huu huu wakapatana juu ya malisho, mifugo iliyoibwa na silaha, na Azimio la Modogashe likajulikana kote kaskazini. Katika baraza la wazee mtu hasimami peke yake, hukaa na watu wake, na maneno yake husemwa kwa lugha yake. Basi kwa nini mtu huyo huyo akiitwa ofisini juu ya mshahara wake aende peke yake kama mtoto aliyevunja chungu? Kifungu cha 41 hakikuletea watu wa hapa jambo geni. Ni desturi yenu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Lakini sehemu hii ilikaa chini ya sheria za hali ya hatari tangu mwisho wa 1963 hata 1991, na mtu aliyekulia katika miaka hiyo akiitwa ofisini hujifunza kujibu "ndiyo" haraka ili atoke. Hiyo "ndiyo" ya kutoka tumeisikia mara nyingi mno.

Neno kwa ndugu zetu vibarua wa barabara. Kuitwa kibarua hakukufanyi kibarua. Ukifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, ama ukipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, mahakama yaweza kukuhesabu kuwa mfanya kazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Tajiri ndiye mwenye wajibu wa kuandika masharti ya kazi, na asipoweza kuyaonyesha, ni juu yake kukanusha unayoyasema. Hata hivyo nunua daftari dogo, uandike siku zako. Ujumbe wa malipo uliokuja katika simu usiufute. Tumeona shauri likisimama kwa jumbe kumi na moja za simu, karatasi nyingine hakuna.

Na ukiletewa karatasi usiyoweza kuisoma, sema kwamba hujaisoma. Kama lazima utie kidole, mwombe mwenzako aandike jina lake kando.

Yule mzee miaka yake mitatu ya mahakama imekwisha pita. Lakini ikiwa yuko mtu hapa mwenye jamaa upande wa Habaswein, na anamjua mlinzi wa kisima aliyeondolewa kwa ajili ya dizeli, na amwambie kwamba twataka kuketi naye, tumweleze jinsi tulivyomsikia vibaya.

Sasa maswali. Ndugu aliyeketi kando ya tangi amenyosha mkono tangu tulipotaja vibarua, na aanze yeye. Aseme kwa lugha aipendayo, mwenyekiti atatufasiria.